Mkristo na Mambo ya Nchi: Mafundisho Kutoka Butiama



Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba siasa ni mchezo mchafu, na ya kuwa Mkristo mwema yampasa kukaa mbali nayo, asali sala zake, alime shamba lake, na kuwaachia wengine mambo ya serikali. Neno hili lina sura ya utakatifu, lakini tukilipima kwa habari za nchi yetu ya Mara, twaona halisimami. Maana hapa kwetu alitoka mtu aliyeingia katika mambo ya nchi mpaka ndani kabisa, wala hakuacha kwenda Misa. Yafaa tuzikumbuke habari zake katika jubilei hii, zilizo njema na zilizo nzito pia, tupate kuijua njia yetu.

Misioni ya Nyegina ilianzishwa mwaka 1911 na Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Burito, mtemi wa Wazanaki, na mama yake ni Mugaya. Mwaka 1934 alitiwa katika shule ya Mwisenge, Musoma, na baadaye akaenda Tabora. Hakubatizwa utotoni. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, naye wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Makerere. Basi imani yake haikuwa nguo aliyovikwa na wazazi. Aliichagua mwenyewe akiwa na akili timamu.

Alipotoka Makerere alifundisha katika shule ya misioni ya Mt. Maria, Tabora, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952, akawa mwalimu wa shule ya Mt. Fransisko, Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam, naye akawa rais wake. Mwaka 1955 akasafiri mpaka New York kueleza haja za Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa kuchagua: ama ualimu, ama siasa. Akaacha ualimu, na pamoja nao mshahara, hali alikuwa na mke na watoto.

Hapo tuangalie vema alivyofanya. Alirudi kwao, na katika miezi ile aliwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, akasaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Mapadre hao walikuwa wamefika Musoma mwaka 1946. Mtu yule yule aliyedai uhuru wa nchi alikaa kitako kutafuta maneno ya Kizanaki yafaayo kwa mafundisho ya Kristo. Kazi hizo mbili hazikupigana moyoni mwake.

Tena, hakufanya chama kuwa mali ya dini yake. Katika TANU alisimama pamoja na Waislamu wengi, kama Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake, na Rashidi Kawawa, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1962. Na mwezi wa Oktoba 1961, wabunge wengine walipotaka uraia utolewe kwa kufuata rangi ya mtu, alikataa kwa ukali, akawa tayari kujiuzulu pamoja na serikali yake kuliko kukubali. Imani yetu yafundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Siku ile fundisho hilo lilionekana katika sheria ya nchi, na aliyefaidiwa alikuwa Mhindi, Mzungu na Mwarabu, si Mkristo peke yake.

Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Viongozi wakakatazwa kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba, na kuwa na hisa katika makampuni. Wengi walinung'unika. Tena mwezi wa Oktoba 1970, akisema mbele ya masista wa Maryknoll huko New York, aliliambia Kanisa kwamba haitoshi kuwahurumia maskini; sharti lishindane na mambo yanayowafanya watu kuwa maskini, la sivyo watu wataliona halina kazi kwao.

Lakini mwalimu wa dini hana ruhusa ya kusema nusu ya habari. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini pasipo kuhukumiwa, naye akaitumia. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 watu wengi wa Tanzania walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na mkoa wetu wa Mara haukusalimika. Wako wazee waliopoteza nyumba zao. Nia ilikuwa kuwakusanya watu karibu na shule, maji na dawa. Lakini nia njema haiondoi machozi ya mtu aliyetolewa katika nyumba yake. Hapo twajifunza kwamba ubatizo haumfanyi mtawala asikosee. Kwa hiyo Mkristo aliye raia asinyamaze kwa sababu tu mtawala ni ndugu yake katika imani. Kunyamaza kwa namna hiyo si upendo, ni woga.

Aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao. Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianza kuchunguza habari za maisha yake kwa ajili ya kumtangaza mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Hukumu ya jambo hilo ni ya Kanisa. Sisi kazi yetu ni kujifunza.

Basi tujifunze nini, sisi wa Musoma, Bunda na Butiama? Kwanza, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawakataza mapadre kushika vyeo vya utawala. Kwa hiyo kazi hiyo ni ya walei. Mlei akiikimbia, wa kuifanya kwa niaba yake hayupo. Pili, mambo ya nchi hayaanzi Bungeni. Yaanza katika kamati ya shule, katika mkutano wa kijiji, katika hesabu ya fedha za kisima. Aliye mwaminifu hapo ndiye atakayeaminika penye makubwa. Tatu, asiye tayari kupoteza kitu asiombe uongozi, maana aliyeshika mshahara kwa mikono miwili hana mkono wa kuinulia haki. Nne, mimbari isiwe jukwaa la chama chochote, wala kura ya Mkristo isiuzwe kwa kilo ya sukari.

Bwana wetu alipoulizwa habari ya kodi, alitenga lililo haki ya mtawala na lililo haki ya Mungu. Hakusema kwamba mtu akimpa Mungu haki yake amesamehewa ile nyingine. Walimu, wafundisheni watoto mambo hayo pamoja na katekisimu, wajue ya kuwa kumwombea mtawala na kumwambia kweli ni wajibu wa mtu mmoja yule yule.