Usafi na adabu: Kwenda sokoni na mtoto mdogo

Wazazi wengi mjini Kigali hawana wa kumwachia mtoto wanapokwenda kununua chakula. Mtoto huyo hugusa kila kitu, kisha hutia vidole mdomoni. Afanyeje mzazi ili mwanawe asirudi nyumbani na maradhi, wala asimwachie muuzaji hasara?

Mtoto wa miaka mitatu akisimama kando ya meza ya mboga katika soko la Kimironko, macho yake huwa sambamba na bidhaa. Mzazi wake anazitazama kutoka juu na kuuliza bei. Yeye yuko uso kwa uso na fungu la nyanya, karoti zenye udongo wa shambani na matunda yaitwayo ibinyomoro. Si ajabu mkono wake kufika kabla ya salamu ya mama yake.

Mwenye meza, mara nyingi, huwa amefungwa ulimi. Akimkemea mtoto, mama ataudhika na kuhamia meza ya jirani, na jirani yuko hatua mbili tu. Basi hutabasamu, huipokea nyanya iliyobonyezwa na kuirudisha katika fungu. Saa ile haina alama yoyote. Jioni huanza kutoa maji na kuziharibu zilizo chini yake, na kwa mtu anayenunua kikapu kimoja alfajiri ili auze kwa mafungu hadi magharibi, nyanya tano zilizooza zinaweza kuwa ndiyo faida yote ya siku. Kwa sababu hiyo, adabu ya mtoto sokoni haimhusu mzazi na mwanawe peke yao. Riziki ya mtu wa tatu imo ndani yake, naye hana uwezo wa kujitetea.

Mikono ileile inayoacha uchafu juu ya tunda ambalo mtu mwingine atalila huchukua pia uchafu wa waliotangulia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa maradhi ya kuhara huua kila mwaka watoto zaidi ya 440,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Kuhara hutokana na mengi, yakiwemo maji machafu na vyoo duni, lakini mikono ni njia kuu mojawapo, na tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa kuhimiza kunawa kwa sabuni hupunguza visa hivyo kwa karibu asilimia 30.

Kanyaga, unawe

Wakaazi wa Rwanda hawahitaji kuelezwa kandagira ukarabe ni nini. Ni mtambo wa kunawia unaofunguliwa kwa mguu, na jina lake la Kinyarwanda lina maana ya "kanyaga, unawe". Nchini Tanzania chombo cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa dumu na kamba huitwa kibuyu chirizi. Janga la corona lilipoingia mwezi Machi mwaka 2020, mitambo hiyo ilienea kwenye vituo vya mabasi na milango ya masoko. Kabla ya hapo, wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakivuka mpaka kati ya Goma na Rubavu walikwisha kuzoea kunawa mpakani wakati Ebola ilipokuwa ikiisumbua Kivu ya Kaskazini, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Na mwaka 2024 Rwanda yenyewe ilipambana na virusi vya Marburg, vilivyotangazwa tarehe 27 Septemba na kuua watu 15 kabla ya mlipuko huo kutangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba.

Kwa hiyo desturi ipo. Kasoro ni kwamba imefungamanishwa na milipuko: ugonjwa ukitangazwa tunanawa, ukitangazwa kuisha tunapita mlangoni mikono mifukoni. Kuhara hakutangazwi, lakini kupo mwaka mzima.

Mtoto anawishwe mara mbili, anapoingia na anapotoka. Watu wazima huikumbuka ile ya pili, na ile ya kwanza huiona kama jambo la kupoteza muda, ilhali ndiyo inayowalinda wengine. Watoto wengi hukipenda kile kikanyagio. Akiwa hana uzito wa kutosha, mzazi aweke mguu wake juu ya mguu wa mtoto, wakanyage pamoja. Asugue viganja, nyuma ya mikono na katikati ya vidole, huku akihesabu hadi ishirini. Anayeweza kuhesabu kwa lugha mbili na ahesabu kwa zote mbili. Na kwa kuwa si kila bomba utakalolikuta lina maji, chupa ndogo ya maji na kipande cha sabuni ndani ya kikapu ni mzigo mwepesi.

Dawa ya kutakasa mikono yenye kileo husaidia pale maji yanapokosekana, ila ina mipaka yake. Haifanyi kazi vyema juu ya mikono yenye udongo, wala haitegemewi kuua mayai ya minyoo, ambayo hukaa katika udongo ulioganda kwenye karoti, viazi na mihogo. Dawa za minyoo wanazopewa watoto katika kampeni za afya humtibu aliyeambukizwa; hazimzuii kuambukizwa tena wiki inayofuata. Chupa ya dawa yenye kileo isiachwe mikononi mwa mtoto, kwani akiinywa ni sumu.

Nyama, karatasi na toroli

Tangu Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, mji umekuwa safi kwa namna ambayo majirani wanaionea wivu. Lakini karatasi ina tabia yake: huloa. Nyama iliyofungwa kwa karatasi na kutiwa katika mfuko wa kitambaa hupenyeza damu, na mfuko huohuo kesho hubebea ndizi ambayo mtoto ataimenya kwa mikono yake. Afadhali kwenda buchani na chombo chenye kifuniko, ama kutenga mfuko mmoja kwa ajili ya nyama, kuku na samaki tu, unaofuliwa kila unaporudi. Wenye kununua sambaza au dagaa wabichi wanalijua hilo kutokana na harufu. Damu ya nyama haina harufu ya kumkumbusha mtu.

Katika maduka ya kujihudumia, tatizo limo ndani ya toroli. Watafiti wa Marekani waliochunguza maambukizi ya bakteria wa salmonela na kampilobakta kwa watoto wachanga waligundua kuwa kupanda toroli karibu na nyama au kuku mbichi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari. Maelezo yake ni mepesi kueleweka. Kuku anavuja, mtoto anashika pakiti, kisha anashika chuchu yake ya bandia. Nyama na iwekwe mbali na mtoto, na inunuliwe mwisho, kabla tu ya kwenda kulipa, ili pia isikae muda mrefu nje ya baridi.

Toroli si gari la kuchezea. Huko huko Marekani, utafiti uliohusu miaka ya 1990 hadi 2011 ulikadiria kuwa watoto wapatao 24,000 kwa mwaka walitibiwa hospitalini kwa majeraha yaliyotokana na toroli za madukani. Wengi walianguka, na wengi wao waliumia kichwa. Mtoto akae kwenye kiti chake, kama toroli inacho. Asisimame ndani ya kapu lake, kwani anaweza kupinduka, na viatu alivyokanyagia njiani vitakuwa mahali ambapo mteja ajaye ataweka mkate. Kumbadilisha nepi juu ya meza ya muuzaji au juu ya kaunta, hata kama umetandika kitambaa, ni jambo lisilofaa kabisa. Apelekwe msalani nyumbani, kabla ya kuondoka.

Kula njiani

Katika mila za Wanyarwanda, kula huku unatembea barabarani huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, na hata kijana wa leo aliyezaliwa mjini huona haya kufanya hivyo mbele ya wazee. Waswahili wa Biryogo na Nyamirambo, waliokulia katika desturi ya kuketi na kunawa kabla ya kugusa chakula, hawaoni geni katika hilo. Ni mila ambayo daktari angeiandika kwa furaha: anayekula akiwa ameketi huwa amepata nafasi ya kunawa, na chakula hakipati vumbi wala mate ya wapiti njia.

Mtoto aliyeshiba haombi sana. Mlishe kwanza, halafu mwende. Ukimpeleka saa ya njaa, ukampitisha kwenye harufu ya maandazi, halafu ukamkasirikia kwa kulia, kosa si lake. Tunda la kuonja analopewa na muuzaji mkarimu lipokewe kwa shukrani, litiwe mfukoni, lioshwe kwanza. Katika duka la kujihudumia, wapo wazazi wanaomfungulia mtoto maji ya matunda au biskuti kabla ya kulipa, wakijitetea kuwa watalipa mlangoni. Watalipa, bila shaka. Lakini mtoto wa miaka minne haoni malipo yale ya baadaye. Anachojifunza ni kwamba kilichopo kwenye rafu huliwa. Ni bora akibebe mwenyewe hadi kwa keshia, akiweke juu ya kaunta, apokee risiti. Watoto wanaipenda kazi hiyo, na nchini Rwanda, ambako mteja huhimizwa kudai risiti ya mashine, ni somo la mapema.

Kazi, kwa kweli, humtuliza mtoto kuliko onyo. Mwambie atafute limau tano na akuonyeshe kwa kidole bila kuzigusa. Mpe mfuko mtupu aubebe. Kabla ya kuuliza bei, mfundishe kusalimu: mwaramutse asubuhi, mwiriwe mchana, na kwa anayekijua Kiswahili, shikamoo. Apokee kwa mkono wa kulia au kwa mikono yote miwili. Muuzaji aliyesalimiwa na mtoto ataweza hata kumwelekeza kwa upole asibonyeze maparachichi, kwa sababu kimya kati yao kimekwisha vunjika.

Wakati wa kuwa macho zaidi ni ule wa kulipa. Mzazi anainamia simu yake aandike namba ya muuzaji na namba ya siri; sekunde thelathini hizo zinamtosha mtoto kupotea katikati ya meza, au kutia mdomoni sarafu aliyoiokota. Amshike mkono, au amwombe ashike upindo wa nguo yake. Aliyefikia umri wa kukariri afundishwe majina kamili ya wazazi wake na namba ya simu.

Wale walio mgongoni, na wale wanaoumwa

Mtoto mchanga aliye ndani ya mbeleko hagusi bidhaa, lakini huguswa. Watu wema wasiomjua watambinya shavu kwa mikono iliyokuwa ikihesabu noti. Kukataa ni vigumu, maana ni ishara ya mapenzi. Njia moja isiyoudhi ni kusema, "Mshike mguu, atafurahi," ukamgeuza kidogo. Mguu haufiki mdomoni haraka kama kidole, na umeshafunikwa kwa soksi.

Kuhusu mtoto mwenye homa, anayeharisha au mwenye vipele, hakuna la kujadili: asiende sokoni. Mgonjwa wa surua huweza kuambukiza tangu siku nne kabla ya vipele kutokea hadi siku nne baadaye, na virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Nchini Rwanda, chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi 9 na ya pili miezi 15. Mchanga wa miezi sita aliyebebwa kwenye foleni ya unga bado hana kinga hiyo. Homa ya nyani, iliyoingia Rwanda, Burundi na nchi nyingine za eneo hili mwaka 2024, nayo huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Kama hakuna wa kumwangalia mgonjwa nyumbani, jirani anayekwenda sokoni anaweza kupewa fedha na orodha. Ni jambo ambalo katika mitaa yetu bado linaombeka bila aibu.

Mkifika nyumbani, mikono kwanza, kabla ya mfuko kufunguliwa. Vinavyoliwa vibichi vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, hata vile vitakavyomenywa, kwa kuwa kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Nyama iende moja kwa moja jikoni au kwenye friji, na mfuko wake uende kwenye beseni la kufulia.