Meza na Ngozi Yake ya Rangi

Somo la leo ni la historia, lakini hatutazungumza habari za wafalme na vita. Tutazungumza habari za meza.

Tuseme mko Utemini, katika mji wa Singida. Katika jina hilo la Utemini mnalisikia neno utemi, lakini leo ni mtaa wa watu wa kazi kama mitaa mingine ya mji. Fundi seremala yuko kazini kwake, na mteja anamjia na picha katika simu. Ni meza ya kisasa: miguu myembamba, haina nakshi, juu ni bapa kabisa. Rangi yake ni buluu, lakini si buluu ya kupaka kwa brashi, maana mistari ya mti inaonekana vizuri ndani ya rangi ile.

"Fundi, hii ni mbao gani?" anauliza mteja.

"Hii ni vinia iliyotiwa rangi, mama," anajibu fundi. "Ni ngozi nyembamba ya mti, inabandikwa juu ya ubao mwingine."

"Kumbe ya kubandika! Basi hiyo ni feki. Mimi nataka mninga mtupu."

Hapo ndipo penye swali letu. Je, kubandika vinia ni udanganyifu? Swali hili si la maneno tu. Likijibiwa vibaya, fundi hukosa kazi, mteja hupoteza fedha, na mininga ya msituni huzidi kukatwa. Basi na tuanze mbali kidogo.

Kwanza neno lenyewe. "Meza" ni neno la Kireno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga ngome ya Fort Jesus huko Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Waliondoka, lakini baadhi ya maneno yao yalibaki vinywani mwetu: meza, bendera, gereza, leso. (Wanaojifunza kusoma waangalie: "meza" ya kulia chakula na "meza" ya "meza dawa" huandikwa sawasawa, lakini hazina undugu wowote. Ile ya dawa ni ya Kibantu.) Neno "randa", chombo cha kulainishia ubao, lilitoka upande wa Uajemi na Bara Hindi. Hivyo karakana ya Utemini imejaa wageni waliokwisha kuwa wenyeji.

Kabla ya meza, watu wa bara, Wanyaturu na Wanyiramba wakiwamo, walikuwa na kazi zao za miti. Kigoda, kinu na mzinga wa nyuki vilichongwa kila kimoja katika gogo lake. Hapakuwa na haja ya kuunga, maana gogo lilitosha. Lakini meza ni kitu kipana, na mti mmoja mara chache hutoa ubao mpana namna hiyo usiopinda. Kwa hiyo aliyetaka meza alilazimika kuunga mbao, na mbao zilizoungwa hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ninyi wa Singida mnajua ukavu wa kiangazi chenu, kinachochukua zaidi ya nusu ya mwaka. Ubao uliokuja mbichi kutoka Mufindi kwenye unyevu, ukipigiliwa haraka Singida, hufunguka katikati kabla ya Desemba.

Taabu hiyo ni ya zamani sana. Wamisri wa kale waliijua, nao walikuwa na taabu ya pili: nchi yao ilikuwa na miti mizuri michache. Katika piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, ya miaka zaidi ya 4,600 iliyopita, yalipatikana mabaki ya jeneza lililotengenezwa kwa tabaka sita za mbao nyembamba. Mistari ya kila tabaka ilikatiza mistari ya tabaka la chini yake, ili lisipinde. Hiyo ndiyo plaiwudi tunayoinunua dukani leo! Na katika kaburi la Rekhmire, waziri aliyeishi kiasi cha miaka 1450 kabla ya Kristo, ukutani wamechorwa maseremala wakibandika kipande chembamba cha mti wa thamani juu ya mti wa kawaida, na chungu cha gundi kiko motoni.

Sasa sikilizeni habari inayotuhusu sisi hasa. Mti ule mweusi walioupenda kuliko mingine kwa kazi hiyo hawakuwa nao kwao. Malkia Hatshepsut alituma merikebu mpaka nchi iliyoitwa Punt, upande wa Pembe ya Afrika na Bahari ya Shamu, na katika mizigo iliyorudi mlikuwamo magogo meusi. Wataalamu wamechunguza vyombo vya Misri na kuona kwamba mti ule mweusi ni mpingo, mti wa jamii ile ile inayoota katika misitu ya Tanzania. Kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, vilikutwa humo viti na masanduku yaliyopambwa kwa vipande vyembamba vya mpingo na pembe za ndovu. Fikirini wenyewe: mfalme aliyezikwa na dhahabu nyingi kiasi kile hakuona aibu kulala karibu na sanduku la kubandika. Alijua, na mafundi wake walijua, kwamba mti adimu haufai kufichwa ndani ambako jicho halifiki.

Baada ya hapo niruke miaka mingi, nije kwenye rangi.

Italia, miaka ya 1500 na kabla yake kidogo, palikuwa na mafundi waliochora picha za nyumba na milima kwa vipande vya mti tu. Mmoja wao, mtawa Giovanni wa Verona, anasifiwa kwa kuvichemsha vipande vyake katika maji ya rangi ili apate vivuli na majani. Baadaye, katika karne ya 18, David Roentgen wa mji wa Neuwied, Ujerumani, alitengeneza meza za maua ya vinia za rangi, akawauzia malkia wa Ufaransa na wa Urusi. Leo nyingi za meza hizo zimekuwa za kahawia. Rangi zile zilitoka katika mimea na madini, na jua lilizila. Shikeni jambo hilo la jua, tutalirudia.

Mabadiliko yaliletwa na kijana wa miaka 18. Mwaka 1856, huko London, William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata. Katika chupa yake alipata uchafu mweusi, nao alipouyeyusha ulitoa rangi ya zambarau. Ndiyo ikawa mwanzo wa rangi za viwandani, ambazo hutia nguo zetu, na hatimaye miti. Kwa hiyo mbu naye, ukipenda, ana sehemu yake katika meza ya buluu.

Rangi peke yake haikutosha. Ilitakiwa ngozi nyembamba sana ili maji ya rangi yapenye mpaka upande wa pili. Ubao mnene haukubali: ukiuchemsha utwa, ndani unabaki mweupe. Zamani vinia ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, na mti mwingi ukawa unga. Mwanzoni mwa karne ya 19 Marc Brunel alitengeneza Uingereza misumeno ya mashine ya kazi hiyo. Kisha likaja jambo bora zaidi, kutumia kisu badala ya msumeno: gogo lililolainishwa kwa maji moto au mvuke huzungushwa mbele ya kisu kirefu, likamenywa kama mtu anayekunjua jamvi. Ndivyo wafanyavyo leo katika viwanda vya Mafinga, kwa magogo ya mikaratusi na misindano. Nchini Italia kampuni ya Alpi, iliyoanzishwa mwaka 1919, huzitia rangi karatasi hizo za mti, huzigandisha pamoja ziwe gogo jipya, kisha huzikata tena, na mistari hutoka kama fundi alivyotaka.

Haya, turudi Utemini kwa fundi wetu na kazi yake.

Meza ina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Miguu na fremu ataitengeneza kwa mninga mkavu, akikata ulimi katika kipande kimoja na tundu katika kingine, maana hapo ndipo penye mzigo. Juu ataweka ubao wa MDF au plaiwudi ya milimita 18. Vinia ya buluu ina unene wa milimita 0.6, kama kadi nyembamba. Kabla ya kuinunua anachukua kipande, anakikwaruza pembeni kwa kisu. Buluu ikiendelea mpaka nyuma, ni vinia iliyopikwa rangi. Ukitokea weupe, imepakwa juu tu, na msasa wa kwanza utaiondoa.

Anapaka gundi sawasawa, anabandika, anakandamiza kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa itoke, kisha anaiweka chini ya ubao mzito na klampu mpaka kesho yake. Na chini ya meza, mahali asipopaona mtu, anabandika vinia nyingine, hata kama ni ya bei ndogo. Asipofanya hivyo, gundi ikikauka itavuta upande mmoja, na meza itakunjamana kama jani. Wengi huacha hatua hii kwa kubana matumizi, na hiyo ndiyo sababu kubwa vinia imepata jina baya.

Halafu msasa. Neno hili tulilipata porini: msasa ni mti ambao majani yake yanakwaruza, na mafundi wa zamani walisugulia vyombo vyao kwa majani hayo. Fundi wetu anatumia wa karatasi, namba 240, ameuzungushia kipande cha mti, anasugua kwa mkono mwepesi kufuata mistari. Hana zaidi ya milimita 0.6 za kuchezea.

Mwisho ni vanishi, na hapa pia pana historia yetu. Katika karne ya 19 watu wa pwani, katika mrima unaoielekea Zanzibar, walichimba sandarusi ardhini, ulimbo wa kale wa mti wa msandarusi uliogeuka kama jiwe. Ilipita Zanzibar, ikapelekwa Marekani, na mjini Salem palikuwa na kiwanda cha kuiosha. Ilipikwa kuwa vanishi ya kung'arisha magari ya farasi na meza za matajiri. Mng'ao wa sebule nyingi za Marekani ulichimbwa kwa jembe na mtu wa pwani yetu, ambaye pengine hakuwahi kukaa mezani.

Vanishi ya mafuta ina umanjano. Juu ya mninga inapendeza, lakini juu ya buluu inaleta ukijani. Kwa hiyo fundi atatumia ile ya maji iliyo nyeupe kabisa, na ataijaribu kwanza juu ya kipande kilichobaki. Atanyunyizia sakafu maji ili upepo wa Singida usimrushie vumbi, atapaka mikono mitatu myembamba, na kingo za MDF ataziziba vizuri, kwa sababu zikinywa maji zitavimba. Meza ikifika nyumbani isikae dirishani penye jua. Rangi za siku hizi ni imara kuliko za Roentgen, lakini jua ni lile lile.

Sasa mteja wetu. Ubao wa mninga wenye unene wa milimita 25, ukikatwa kwa kisu, waweza kutoa karatasi 41 za milimita 0.6. Mninga hukua polepole, na mtu aliyeupanda leo asitazamie kuupasua mwenyewe. Mimi naona kwamba fundi anayetandaza mti mmoja juu ya meza nyingi anauheshimu kuliko anayeumaliza kwa meza moja. Lakini akiitandaza vinia ya mninga juu ya MDF, kisha akadai bei ya mninga mtupu na kunyamaza, huyo ni mwizi, na gundi yake haina kosa lolote. Fundi wa Utemini alisema neno "vinia" kabla hajaulizwa mara ya pili. Mteja akitaka mninga mtupu, ni haki yake. Alipe bei yake, na aulize kama mbao zile zina kibali cha misitu.

Kabla ya somo lijalo fanyeni haya. Tazameni meza ya darasa lenu kwenye ukingo wake na upande wa chini, mseme ni ubao mtupu, plaiwudi au vinia. Pimeni urefu na upana wake kwa sentimita, zidisheni, mwandike jibu. Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili za maneno ambayo mngemjibu yule mteja aliyesema "feki". Mwalimu atayasoma kwa sauti darasani.