Tofauti ya "Borrow" na "Lend": Ijue kabla hujasaini fomu ya mkopo

"Can you borrow me 5,000?" Sentensi hii utaisikia ofisini, chuoni na hata kwenye meseji za WhatsApp. Anayeisema anataka umkopeshe, ila ametumia neno la anayepokea kwa mtu anayetoa. Alitakiwa kusema: "Can you lend me 5,000?"

Kwa nini tunachanganya?

Kwa sababu Kiswahili chetu kina neno "azima" linalobeba pande zote mbili. Tunasema "niazime kalamu yako", hapo mwenye kalamu ndiye anayetoa. Pia tunasema "nimeazima kalamu kwa Juma", hapo mimi ndiye niliyepokea. Neno ni moja. Kiingereza hakina ruhusa hiyo.

Kwenye pesa lakini tunatofautisha vizuri tu: kuna kukopa na kuna kukopesha. Basi shika hapo hapo.

1. Borrow = kukopa, kuazima kwa mtu

Kitu kinakuja kwako. Huenda na "from".
"I borrowed money from my sister." Nilikopa pesa kwa dada yangu.
Wakati uliopita ni "borrowed".

2. Lend = kukopesha, kumwazima mtu

Kitu kinatoka kwako. Huenda na "to", au unamtaja mtu moja kwa moja.
"I lent my bicycle to Juma" au "I lent Juma my bicycle." Nilimwazima Juma baiskeli yangu.
Wakati uliopita ni "lent". Usiseme "lended", hakuna neno hilo.

Na "loan" je? Huo ni mkopo wenyewe. "The bank gave me a loan." Wamarekani hulitumia pia kama kitendo, kwa maana ya "lend".

Angalizo dogo: ukiwa mgeni kwa watu na unataka kwenda chooni, usiseme "borrow". Choo hukibebi ukakirudisha. Sema "Can I use your toilet?"

Kwenye mkataba ndiyo kazi ipo

Ukikosea ukiwa unaongea, watu watakuelewa tu. Kwenye karatasi ya mkopo iliyoandikwa Kiingereza hakuna wa kukurekebisha. Majina utakayokutana nayo ni haya:

- Borrower: mkopaji, yaani wewe unayechukua pesa.
- Lender: mkopeshaji, yaani benki, kampuni au mtu anayetoa pesa.
- Guarantor: mdhamini. Mkopaji akishindwa kulipa, huyu anaweza kudaiwa.
- Witness: shahidi. Anathibitisha tu kwamba ameona mkisaini.

Sasa chukua mfano wa kifungu kama hiki: "The Lender may change the interest rate." Maana yake mkopeshaji anaweza kubadilisha riba. Ukidhani "Lender" ni wewe, utaondoka ukifurahi, kumbe mwenye uwezo wa kuipandisha ni yeye.

Au hiki: "The Borrower shall pay all costs." Gharama zote ni zako wewe mkopaji.

Rafiki naye akikuomba "njoo usaini tu hapa", angalia kwanza juu ya mstari pameandikwa nini. Kati ya "Witness" na "Guarantor" kuna deni zima. Usipoelewa, omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kushika kalamu.

Jipime

a) Amina ____ me her umbrella yesterday.
b) May I ____ your charger?
c) He ____ the money from his uncle last year.

Majibu: a) lent, b) borrow, c) borrowed.

Ukikwama, jiulize swali moja tu: kitu kinakuja kwangu au kinatoka kwangu? Kikija ni "borrow", kikitoka ni "lend".