Ngoma Mlangoni mwa Kanisa

Sikukuu ya Mavuno iliyopita, katika kanisa moja dogo upande huu wa kwetu Kwaluguru, akina mama walileta sadaka zao za mahindi, kunde, mihogo na kuku. Hawakuzileta kwa kutembea. Mmoja alipiga ngoma mlangoni, wengine wakajipanga mistari miwili wakaingia wakicheza, vikapu kichwani, mpaka karibu na ngazi za altare. Kabla hawajafika, mzee mmoja wa kanisa alisimama kwenye benchi la mbele akainua mkono. Ngoma ikanyamaza. Mavuno yakapokelewa kimya, Misa ikaendelea, na baada ya Misa ile ngoma ikawekwa sakristia juu ya kabati la mavazi. Iko huko mpaka leo. Akina mama wawili watatu hatujawaona tena. Tunasikia wanasali kwa jirani zetu Wapentekoste, ambako watu hucheza mpaka jasho liwatoke.

Ingekuwa rahisi kusema mzee amekosea, tukamaliza. Lakini baadhi yetu tulikwenda kukaa naye, akatueleza. Ule mdundo anaujua, alisema: ni mdundo wa kumtoa mwali. Na baba yake, alipokuwa kijana, alizuiwa kupokea Komunyo muda mrefu kwa sababu alionekana kwenye ngoma ya namna hiyo. "Baba yangu alilipia," alituambia, "na ninyi leo mnaiingiza bure." Hatukuwa na jibu. Ndipo tulipoona afadhali tuirudie historia, tujue jambo hili lilianzaje.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili ngoma ni kile chombo cha mti na ngozi. Ngoma pia ni uchezaji, na ngoma ni mkusanyiko mzima, ndiyo maana tunasema leo kwa fulani kuna ngoma. Jando ni ngoma. Harusi ina ngoma. Mganga akipunga pepo hupiga ngoma, na watu wakivuna vizuri hucheza ngoma. Sisi Wazigua tuna selo, ndugu zetu Washambaa wana mdumange, na katika hizo huwezi kutenga wimbo na miguu, wala miguu na sababu iliyowakutanisha watu. Kwa hiyo wamisionari walipofika hawakukuta jambo liitwalo kucheza, lililosimama peke yake, ambalo wangeweza kulipima kwa Maandiko na kusema ndiyo au hapana. Walikuta ngoma, na ndani ya ngoma mlikuwamo furaha, mafunzo, matusi, matambiko na pombe, vyote pamoja.

Kanisa letu la Anglikana katika nchi hii lilianzishwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliyozaliwa kutokana na mwito alioutoa David Livingstone kule Cambridge mwaka 1857. Mwaka 1864 Misheni ilihamia Unguja. Mwaka 1868 ilianza kazi Magila, katika Bonde, na mwaka 1875 Padri J. P. Farler akaja kuiimarisha. Kutoka Magila Injili ilifika Korogwe, ikaingia Uzigua kabla karne ya 19 haijakwisha. Wale hawakuwa watu wa kudharau kila kitu chetu. W. H. Kisbey, mmoja wao, alikusanya maneno ya Kizigua akatoa kamusi mwaka 1906. Lugha yetu ilipokelewa ikaandikwa. Ngoma ilibaki nje.

Kule Bonde mgogoro mkubwa ulikuwa juu ya galo, jando la Wabondei. Kijana asiyepitia galo hakuhesabiwa mtu mzima kwa watu wake. Aliyepitia alikuwa ameingia katika nyimbo na matambiko ambayo Misheni iliyaona ni ya giza. Wazee walivuta huku, mapadri wakavuta kule, na kijana alikuwa katikati. Aliyekwenda ngomani alijua adhabu ya Kanisa inamngoja. Badala ya ngoma walipewa mpira: wanafunzi wa Kiungani, chuo cha Misheni kule Unguja, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kucheza kandanda katika pwani hii. Lugha yetu ina mzaha wake hapa, maana ni neno lilelile, kucheza. Wakakatazwa kucheza, wakafundishwa kucheza.

Lakini kuna jambo ambalo wazee wetu hawakuambiwa wazi. Misheni iliyokataza ngoma ndiyo iliyotufundisha ibada ya mwili mzima kuliko misheni nyingi nyingine. Sisi watoto wa UMCA hatukulelewa kukaa kwenye viti na kusikiliza tu. Tunapiga magoti, tunainama, tunajifanyia ishara ya msalaba. Jumapili ya Matawi tunazunguka nje ya kanisa na makuti mikononi. Mashemasi wanakwenda kwa hatua zilizopangwa, chetezo kikipelekwa huku na huku kwa kipimo. Mtu mgeni akitutazama kutoka mlangoni, bila kusikia maneno, angesema hawa wanacheza, ila polepole. Hivyo swali kwetu halijawahi kuwa kama mwili una nafasi katika ibada. Nafasi ulipewa tangu siku ya kwanza. Swali lilikuwa ni mwendo wa nani.

Na nyimbo vilevile. Tenzi nyingi tulizorithi ni maneno ya Kiswahili yaliyovishwa sauti za Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Zile sauti hukazia zinapotaka zenyewe. Tumezizoea, tunazipenda, na wengine wetu tungependa zituzike. Lakini jaribu kuucheza wimbo ambao neno limekanyagwa pasipo pake, utaona miguu inakataa.

Haikuwa hivyo kila mahali, hata ndani ya UMCA yenyewe. Kule kusini, Masasi, Padri Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishika njia nyingine. Aliona kwamba ukilikataza jando, Wakristo watakwenda kwa siri, na wakienda kwa siri watakula kila kilichopikwa. Basi Kanisa likaanzisha jando la Kikristo, likiwa na sala na mafundisho, likisimamiwa na Wakristo wenyewe, na yale yasiyopatana na Injili yakatolewa. Haikuwa kazi nyepesi wala haikumridhisha kila mtu. Wazee wengine walisema jando lililooshwa si jando. Hata hivyo Masasi walithubutu kufanya kile ambacho sisi huku hatukukifanya: kuifungua ngoma na kutazama ndani yake kipi ni kipi.

Tena kuna safari iliyokwenda kinyume. Kule Freretown, karibu na Mombasa, misheni ya CMS iliyowalea watumwa waliokombolewa iliunda bendi ya tarumbeta. Pwani ikaisikia, ikaipenda, ikaigeuza ngoma: ndiyo beni, iliyoenea Mombasa, Tanga na bara, na makundi yake ya Marini na Arinoti yaliyoshindana kwa sare na gwaride. Kwa hiyo ngoma mojawapo kubwa ya karne ya 20 katika Afrika Mashariki ina damu ya misheni ndani yake. Mdundo hauna pasipoti.

Maandiko yanasemaje? Wanaotaka kucheza hukimbilia Daudi mbele ya sanduku la agano (2 Samweli 6) na Zaburi mbili za mwisho-mwisho. Wanaokataa hukimbilia ndama ya dhahabu (Kutoka 32) na binti wa Herodia (Marko 6). Sisi tungependa tuzisome Kutoka 15 na Kutoka 32 kwa pamoja. Ni taifa lilelile. Walicheza na Miriamu kando ya bahari, na haikupita miezi mingi wakacheza kuizunguka ndama. Huenda hata matari yalikuwa yaleyale. Musa hakuyavunja matari. Alivunja zile mbao za mawe, akaiteketeza ndama. Na katika mfano wa mwana mpotevu (Luka 15) yule kaka mkubwa anarudi kutoka shambani, anasikia nyumbani watu wanaimba na kucheza, anagoma kuingia. Bwana wetu hakuona haya kuweka machezo ndani ya nyumba ya Baba.

Kanisa la kale lilikuwa na hofu zake. Mtaguso wa Laodikia, katika karne ya 4, uliwaonya Wakristo wasicheze kwenye harusi, na Yohane Krisostomo alihubiri kwa ukali juu ya jambo hilohilo. Waliishi kati ya michezo ya kipagani na walijua inakoelekea. Lakini jirani zetu wa kaskazini, Kanisa la Ethiopia, wamecheza mbele za Mungu karne nyingi. Waimbaji wao, wanaoitwa debtera, hujipanga na fimbo za sala na njuga za chuma, ngoma kubwa zikipigwa, wakienda mbele na nyuma taratibu. Mapokeo yao huanzia kwa Mtakatifu Yaredi wa karne ya 6. Huko Sevilla, Hispania, wavulana wanaoitwa seises hucheza mbele ya altare kuu katika sikukuu ya Ekaristi. Na mwaka 1988 Roma iliwaidhinishia Wakatoliki wa Kongo, wakati huo Zaire, utaratibu wa Misa ambamo padri na wahudumu huizunguka altare wakicheza Utukufu unapoimbwa.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Bujora, nje kidogo ya Mwanza. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga pale kituo cha mila za Wasukuma, na kanisa lenye umbo la nyumba zao. Sikukuu ya Ekaristi ikaunganishwa na mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo, Bagika na Bagalu wakicheza kwa wakati mmoja, mshindi akiwa yule aliyevuta watu wengi. Ni jambo la ajabu na la kupendeza. Lakini tusifiche upande wa pili: katika mashindano hayo, tangu zamani, viongozi wa ngoma walisifika pia kwa dawa za kuvutia watu. Ukiita ngoma sikukuuni, hujui kila aliyekuja nayo amebeba nini mfukoni. Mzee wetu angelisikia hilo, angetikisa kichwa na kusema niliwaambia.

Hata ndugu zetu Waislamu, tunaoishi nao na wengine tumezaliwa nao tumbo moja, wana mjadala wao. Wako wanaopenda dufu, maulidi ya homu na zikri ya kuyumba, na wako masheikh waliosema hayo yasiingie msikitini. Ukikaa nao jioni utadhani uko kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo panapotuuma. Jumapili ile ile ya Mavuno, kwaya ya vijana iliimba mara mbili. Walikuwa na sare, kinanda cha umeme na spika, na hatua walizozifanyia mazoezi wiki nzima: kushoto, kulia, geuka, inama. Mwendo ule ni wa muziki wa dansi wa Kongo, na kila mtu aliyewahi kupita karibu na baa anaujua. Hakuna aliyeinua mkono. Mzee wetu mwenyewe alikuwa akipiga makofi. Basi kilichokatazwa siku ile si kucheza. Kilichokatazwa ni kucheza kwa Kizigua. Mdundo uliotoka mbali umekuja bila historia, hatujui ulilala wapi jana. Mdundo wa nyumbani tunaujua ukoo wake wote, na kwa kuujua tunauogopa. Tunaona hapo hatukutenda haki, na tunaliandika tukiwa wenyewe tulikuwamo kanisani tukanyamaza.

Hatusemi kwamba kila ngoma iingie. Baadhi ya nyimbo za mwali haziwezi kuimbwa mbele ya watoto, achilia mbali mbele ya altare, na akina mama ndio wa kwanza kusema hivyo. Wala hatutaki Misa iwe tamasha, watu wakae wakitazama wachezaji na simu zikiwa juu. Lakini kuleta sadaka ni mwendo, tayari ni mwendo, na wanaoileta ndio walioilima. Hapo, zaidi ya mahali pengine popote katika Misa, hatuoni kwa nini miguu iliyopalilia shamba izuiwe.

Tulikwenda pia kwa mama aliyepiga ngoma siku ile. Ni bibi sasa. Tulimuuliza kama kweli ule ni mdundo wa mwali. Hakukana. Alisema ni wa mwali, na ni huohuo waliopigiwa mama zao mvua ikinyesha vizuri na ghala likijaa, kwa sababu hawana mwingine wa furaha. Maneno aliyabadilisha yeye mwenyewe, akayaweka ya kushukuru, akayafundisha Jumamosi tatu nyumbani kwake. Kisha akatuuliza kama tungependa zaidi ayalete yale mahindi akilia.

Tulimfikishia mzee maneno hayo. Alikaa kimya, kisha akauliza wimbo wenyewe unasemaje, kwa kuwa siku ile, alisema, alisikia ngoma tu. Wamekubaliana akina mama waje wauimbe mbele ya kamati, bila ngoma kwanza, watu wasikie maneno. Kikao kitakuwa kabla ya Majilio. Mmoja wetu aliishusha ile ngoma kuitazama: panya hawajaigusa, lakini ngozi imelegea, itabidi ipashwe moto.