Kukisia maana kwa muktadha: Nasaha iliyotoka mbali

Ni nadra kumpata mwalimu wa Kiswahili nchini ambaye hajawaambia wanafunzi wake: mkikutana na neno gumu msikimbilie kamusi, someni sentensi nzima kisha mkisie maana. Mtihani wa KCSE nao unaitegemea mbinu hiyo. Katika swali la ufahamu, Karatasi ya Pili, mtahiniwa hutakiwa kueleza maana ya maneno kadhaa kama yalivyotumika katika taarifa. Tumeizoea nasaha hii hata hatuulizi ilitoka wapi, wala ilikusudiwa nani.

Nguvu yake ya kinadharia ilitoka Marekani. Mnamo 1965 Kenneth Goodman, msomi wa Detroit, alichapisha utafiti ambamo watoto wa madarasa ya chini walisomeshwa orodha za maneno, kisha hadithi zenye maneno yayo hayo. Mengi yaliyowashinda kwenye orodha waliyasoma barabara ndani ya hadithi. Mwaka wa 1967 akatoa makala maarufu iliyoeleza kwamba kusoma ni mchezo wa kubahatisha. Msomaji, alisema, hakagui kila herufi. Huokota dalili chache, akabuni, kisha akajisahihisha kadiri anavyosonga mbele.

Lakini hebu tutazame vizuri. Watoto wale walikuwa wakisoma kwa lugha waliyokua wakiizungumza. Neno lililowatatiza machoni lilikuwa tayari masikioni mwao. Walichobahatisha ni umbo lake katika maandishi. Maana walikuwa nayo. Mtoto wa Kitui au Kericho anayekumbana na ‘fungate’ kwa mara ya kwanza hana neno hilo popote kichwani. Hana cha kukumbuka. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na ajabu ni kwamba baadhi ya wataalamu wa lugha ya pili katika miaka ya 1970 waliichukua nadharia ya Goodman na kuwavisha wanafunzi wao kama joho la kuazima.

Joho hilo lilianza kuchanika mnamo 1984, Israeli. Marsha Bensoussan na Batia Laufer waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu maneno 70 ya Kiingereza, kwanza yakiwa peke yake, halafu ndani ya kifungu. Muktadha uliwafaa katika asilimia 13 tu ya majibu. Hata wanafunzi hodari hawakukisia vyema kuliko wenzao! Baadaye Laufer alieleza kwa kina maneno yanayojifanya rahisi. Mwanafunzi huona ‘shortcomings’ akadhani ni ziara fupi, au ‘infallible’ akadhani ni kitu kisichoanguka. Huyu hata hakisii, maana hajui kwamba hajui.

Kiswahili, ambacho ni lugha ya pili kwa Wakenya wengi, kimejaa mitego ya aina hii. Aliyefunzwa ‘mwanasheria’, ‘mwanasayansi’ na ‘mwanahistoria’ akikutana na ‘mwanasesere’ ataitafuta taaluma iitwayo sesere, kumbe mtoto hadithini amebeba kidoli chake tu. ‘Mkalimani’ nimeshamwona akigeuzwa mtu mkali katika majibu ya wanafunzi, ilhali neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na hiyo ‘kali’ iliyo ndani yake ni ajali ya sauti. Na muktadha waweza kuuchochea upotovu badala ya kuuzuia. Mpe mwanafunzi sentensi hii: mzee alifanya kazi ya kuinama shambani miaka 30, akastaafu, akapewa kiinua mgongo. Atakwambia ni mkongojo, au dawa ya maumivu. Ukimpa sufuri, sema pia kwamba alifuata maagizo yako.

Tena dalili zenyewe hutoka kwa maneno jirani, nayo huenda yakawa mageni pia. Marcella Hu na Paul Nation wa New Zealand walionyesha mnamo 2000 kwamba msomaji asiye na msaada huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya matini ili aielewe vyema. Hiyo ni kama neno geni 1 katika kila 50. Walipoishusha hadi asilimia 80, hakuna hata mmoja aliyeelewa ipasavyo. Hebu chukua riwaya teule yoyote, umpe mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kalamu nyekundu, mhesabu pamoja kwenye ukurasa 1.

Sipingi kukisia. Napinga kuishia hapo. Dhana ya kwanza iandikwe kwa penseli, kamusi ifunguliwe, kisha mwanafunzi aeleze ni dalili gani iliyomfikisha au kumpotosha.

Kizazi changu kilibahatisha kwa kukosa budi. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilifafanua Kiswahili kwa Kiingereza, na ile ya TUKI, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, haikutoka hadi 1981. Wahariri walijaribu kutuokoa kwa kufafanua maneno magumu mwishoni mwa kitabu, chini ya kichwa ‘Sherehe’. Ni neno sahihi, lenye asili katika neno la Kiarabu la ufafanuzi. Ila sisi wa bara tulizijua sherehe za harusi na za Madaraka tu, na wengine wetu tulizifunga kurasa hizo tukiamini kwamba hadithi imekwisha na wahusika wanakula pilau.