Bwana Nyoka wa Liwale na pori la Wangindo

Tangu mwaka 2019, sehemu kubwa ya pori tuliloliita Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kilomita za mraba 30,893 zilimegwa kutoka pori la akiba la zamani, na mwishoni mwa 2022 maji ya Rufiji yakaanza kujazwa nyuma ya bwawa jipya la umeme lenye jina hilohilo. Ramani zinachorwa upya na vitabu vya shule vitafuata. Kwa hiyo huu ndio wakati wa kuuliza jinsi pori kubwa namna ile lilivyopatikana, kwa kuwa halikushuka na mvua.

Mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kutenga maeneo ya wanyama, na bonde la Rufiji likawa mojawapo. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walilipa pori hilo, mwaka 1922, jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji wa tembo aliyeuawa kwa risasi ya Mjerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake liko hukohuko. Ila Selous mwenyewe hakuhifadhi chochote mahali pale. Alifika kama askari, akapigana, akafa.

Aliyelifanya pori hilo kuwa jinsi lilivyo ni mtu mwingine, naye jina lake halikuandikwa kwenye bango lolote kubwa. Ni Constantine John Philip Ionides, Mwingereza wa ukoo wenye asili ya Ugiriki, aliyezaliwa mwaka 1901. Watu wa kusini walimwita Bwana Nyoka.

Ionides hakuanza kama mtu mwema kwa wanyama. Alikuja Tanganyika katika miaka ya 1920 akiwa ofisa wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), na muda wake mwingi uliishia kwenye kuwinda. Aliwinda ndovu kwa ajili ya pembe za magendo katika Kongo ya Wabelgiji, na katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1965, anayasimulia hayo bila kujificha. Baadaye aliacha jeshi, akajaribu kuishi kwa kuwaongoza matajiri wa uwindaji. Mwaka 1933 Idara ya Wanyamapori ilimchukua, jangili akawa askari wa pori. Akapelekwa kusini, kwenye nchi ambayo maofisa wengi waliihesabu kuwa adhabu: joto, mbung'o, na barabara zinazokatika kila masika. Yeye aliipenda. Makao yake yakawa Liwale.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuwatumikia wakulima kabla ya kuwa ya kuwalinda wanyama. Tembo waliingia mashambani na kumaliza mtama na muhogo wa mwaka mzima kwa usiku mmoja. Simba walaji watu waliwafuata wanakijiji mpaka kwenye vibanda vya kulindia ndege. Ionides na askari wake walikwenda kwa miguu, siku nyingi, mpaka wampate mnyama aliyefanya uharibifu. Askari hao walikuwa wenyeji, wengi Wangindo, waliolijua pori kuliko yeye. Wao ndio waliosoma nyayo na kujua penye maji, lakini katika vitabu majina yao ni machache mno.

Kisha wakaja nyoka. Mtu akiona koboko wa kijani kwenye mwembe wake, au kifutu kwenye rundo la majani, hakuhangaika kutafuta panga, alituma mtoto kwa Bwana Nyoka. Ionides alikuja na fimbo yake ndefu na koleo, akamkamata nyoka akiwa hai, akamtia kwenye mfuko, na aliyetoa habari alipewa fedha yake. Sehemu za Newala zilimpa koboko wa kijani wengi ajabu. Nyoka hao walikwenda kwenye bustani za wanyama na maabara za nchi za nje, na vielelezo vingine vilipelekwa Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Wataalamu wa wanyama watambaao wamempa heshima yao, kwani mjusi-mnyoo mmoja wa kusini mwa Tanzania anaitwa kisayansi *Loveridgea ionidesii*. Aliumwa mara nyingi. Hakuacha.

Hapo ndipo hadithi nyingi za Bwana Nyoka zinapoishia, na zinapendeza. Lakini jambo lake kubwa kuliko nyoka ni pori lenyewe, na pori lina ugomvi ndani yake.

Turudi nyuma kidogo. Liwale ilikuwa mojawapo ya vitovu vya vita vya Maji Maji. Agosti 1905 wapiganaji walilichoma boma la Wajerumani pale. Kisasi kilikuja kwa njaa, maana majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala na kunyang'anya mifugo. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wananchi wakanyang'anywa bunduki. Mashamba yalipobaki bila watu msitu ulirudi, na msitu uliporudi tembo na mbung'o walirudi nao. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba Selous ni nchi ambayo haijaguswa na mkono wa binadamu, tukumbuke kwamba mkono ule ulikatwa.

Waliobaki walikuwa Wangindo, wakulima waliohama kufuata udongo mzuri na nyuki. Asali na nta vilikuwa uchumi wao. Walikaa nyumba moja hapa, tatu kule, mbali na barabara na mbali na karani wa kodi. Serikali ya kikoloni haikuupenda mtindo huo, kwa maana watu waliotawanyika ni shida kuwahesabu, kuwatoza na kuwaamrisha. Ugonjwa wa malale ulipoonekana, serikali ilikuwa na dawa iliyokwisha kuitumia kwingineko Tanganyika: kuwakusanya watu kwenye vijiji vikubwa na kufyeka vichaka kuvizunguka. Miaka ya 1940 dawa hiyo ikatumiwa Liwale. Maelfu ya Wangindo walihamishwa kutoka nchi yao, na eneo walilotoka likawekwa ndani ya mipaka ya pori la akiba.

Je, ilikuwa ni kwa ajili ya malale? Mwandishi wa Marekani Peter Matthiessen, aliyetembea Selous mwaka 1979 pamoja na Brian Nicholson, mwanafunzi na mrithi wa Ionides, aliisimulia habari hii kwa upande wa maofisa wa wanyamapori: ugonjwa ulikuwapo, na Ionides aliiona fursa akaishika. Mwanajiografia Roderick Neumann, aliyechimba nyaraka za utawala na kuandika mwaka 2001, anaweka uzito kwingine. Kwake, malale yalikuwa sababu moja tu, tena ya kufaa sana. Serikali ilitaka raia wanaoonekana na kutozwa kodi, na Idara ya Wanyamapori ilitaka nchi isiyo na raia. Haja mbili zikakutana mgongoni mwa Mngindo.

Mimi namsadiki Neumann. Mbung'o hakuwachagulia watu mpaka uliofaa pori la akiba. Hata hivyo sikubali kumfanya Ionides kuwa shetani wa hadithi hii, kwa sababu hakuitunga sera ya kuwakusanya watu. Aliipenda nchi ile kwa dhati. Aliishi maisha makavu, na mshahara wake hakuufanya utajiri. Lakini aliwapenda tembo kuliko majirani zake, na majirani ndio waliolipa.

Nicholson alilipanua pori zaidi na kuligawa vitalu vya uwindaji ili lijilipie lenyewe. Mpango huo wa kulilinda pori kwa fedha za wawindaji ni wa mwindaji kweli, na Tanzania huru iliuendeleza. Ionides alifariki mwaka 1968, baada ya miaka ya kuteswa na maradhi ya miguu, na mabaki yake yalizikwa kwenye mlima Nandanga, ndani ya pori alilolikuza.

Yaliyofuata yako kwenye taarifa za serikali na magazeti. UNESCO ililiingiza pori katika urithi wa dunia mwaka 1982. Ujangili ukaingia. Tembo waliokuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 walikuwa takriban 13,000 tu walipohesabiwa mwaka 2013. Mwaka 2014 Selous ikatajwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha ukaja mwaka 2019, na jina la Mwalimu Nyerere.

Jina hilo nalifurahia. Kinachonichoma tu ni kwamba tumebadilisha bango bila kubadilisha simulizi. Mgeni anayeingia hifadhini leo ataonyeshwa kaburi la Selous na kuelezwa habari za vita vya Wazungu. Nani atamwambia kwamba katika pori lile walikaa Wangindo, wakalima na kutundika mizinga, na kwamba waliondolewa kwa amri? Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya uhamisho sasa ana zaidi ya miaka 75, kama yu hai. TANAPA na TAWA, mamlaka za hifadhi na wanyamapori, wana magari, wana ramani, na wana vijana waliosoma. Wawapeleke Liwale, wakae na wazee hao kibarazani, waandike majina ya vijiji na mito kama yalivyokuwa yakitamkwa na wenyewe, kisha wayatie kwenye ramani mpya kabla haijachapwa.