Nyumba Usiyolala

Chini ya mbuga za Manyoni, kuelekea Bahi, kuna urani. Tumezoea kuijadili kama mali: nani atachimba, nani atafaidi, maji yetu yatakuwaje. Lakini urani hiyo haijakaa tu kusubiri mwekezaji. Kila atomu ya urani-238, mpaka imalize kugeuka kuwa risasi, inakuwa imetoa antinyutrino sita. Zinapita kwenye udongo, kwenye ng'ombe, kwenye reli na kwenye miili yetu, bila hodi.

Wolfgang Pauli alibuni chembe ya aina hii mwaka 1930, akihofia kwamba haitanaswa kamwe. Reines na Cowan wakainasa mwaka 1956, kando ya mtambo wa nyuklia Marekani. Mwaka 2005, KamLAND ya Japani ikatangaza dalili za kwanza za zile zinazotoka ardhini.

Ungedhani kazi imekwisha. Wapi! Nyutrino yenyewe haionekani. Tunaona chembe zinazotoka pale inapogonga kiini cha atomu. Hao ndio mashahidi wetu. Zile za urani ni dhaifu, hazileti vurugu kubwa. Lakini zenye nguvu, za kutoka kwenye mashine au zinazozaliwa angani juu ya vichwa vyetu, zikigonga kiini huzua tafrani humo ndani. Pioni humezwa kabla haijatoka. Protoni hugongana na jirani yake, ikapoteza nishati na kubadili njia. Shahidi anafika kwetu akiwa amechoka, au hafiki kabisa.

Mwaka 2010, jaribio la MiniBooNE, karibu na Chicago, lilichapisha hesabu za migongano kwenye kaboni: matukio yalizidi utabiri uliozoeleka. Je, tuliielewa vibaya nyutroni? Marco Martini na wenzake walikuwa wameshatoa jibu jingine mwaka 2009: wakati mwingine nyutrino hupiga chembe mbili kwa pamoja, nasi tunaandika kwamba imepigwa moja.

Si kosa dogo. Ukikosea idadi ya waliopigwa, unakosea nishati ya nyutrino iliyopiga, na hapo unakosea namna nyutrino zinavyobadilika aina zikiwa safarini. Swali la kwa nini ulimwengu umejaa maada, si kinyume chake, linategemea sehemu ya hesabu hiyo.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Wanafizikia hawawezi kulala ndani ya kiini. Wamebaki mlangoni, kama sisi waandishi, wakipima kila anayetoka: ameona nini, na amepoteza nini njiani?